Umemaliza kujitolea, unarudi London: yapange haya kabla ya kupanda ndege

Maneno haya ni kwa vijana wetu waliokulia London ambao wamekwenda kujitolea mwaka mmoja au miwili Malawi, Zambia, Tanzania au kwingineko, na sasa wanahesabu wiki za kurudi. Wakati wa kwenda uliandaliwa: semina, chanjo, orodha ya mizigo, mtu wa kukupokea uwanjani. Wakati wa kurudi hakuna anayekuandaa, kwa sababu kila mtu, pamoja na wewe mwenyewe, anaona unarudi kwenu tu.

Wataalamu walishaliona hili zamani. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard wa Norway alieleza hali ya mtu aliye ugenini kwa umbo la herufi U: furaha, kushuka, kisha kupanda tena. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakairefusha ikawa W, maana waliona anayerudi kwao anashuka upya. Maisha hayanyooki kama mchoro, lakini jambo moja wamelipatia: mteremko wa pili hauji siku ya kwanza. Mgeni siku mbili. Wiki za mwanzo ni pilau, kukumbatiana na maji ya moto bombani. Unaanza kuzama watu wakishakuzoea. Na kinachowazamisha wengi si mawazo mazito kuhusu tajiri na maskini. Ni laini ya simu iliyofungwa, karatasi iliyosahaulika Lilongwe, homa iliyopuuzwa, na giza la saa kumi jioni. Ukiyamaliza hayo mapema, yale mengine ya moyoni yanabebeka.

Kama unaishi Uingereza kwa ukaazi wa kudumu na hujawa raia, hesabu tarehe kabla ya jambo lolote. Ukaazi wa kudumu wa kawaida hupotea ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo, na mkataba wa miezi 24 ukiongezwa mitatu "kumalizia mradi" umeshakuvusha. Anayetaka kuomba uraia baadaye kwa njia ya kawaida ya miaka mitano naye ana hesabu yake: siku alizokuwa nje ndani ya miaka hiyo kwa kawaida zisizidi 450. Zile kadi za BRP, za kibali cha ukaazi, ziliisha muda mwishoni mwa 2024 na hadhi yako sasa iko kwenye akaunti ya mtandaoni. Ikiwa ulibadilisha pasipoti ukiwa huko, iunganishe mpya na akaunti kabla ya safari, la sivyo utabishana na mhudumu wa kaunta ya ndege ambaye hana la kukusaidia.

Karatasi ya pili ni cheti cha polisi. Ukitaka kazi ya ualimu, uuguzi au ya kulea watoto, mwajiri atapitia DBS, idara inayokagua rekodi za makosa ya jinai, na DBS haioni rekodi za nje ya Uingereza. Atakuomba cheti cha mwenendo mwema kutoka nchi uliyokaa. Ukiwa bado huko ni shughuli ndogo: Kenya unaomba kupitia eCitizen, unalipa, unakwenda kuchukuliwa alama za vidole, unangoja. Ukiwa London inabidi kwanza utafute wa kukuchukulia alama hizo, uzitume, kisha umwombe rafiki akufuatilie ofisini, na wakati huo nafasi ya kazi imepewa mtu mwingine.

Ya tatu ni barua ya shirika yenye nembo, sahihi, tarehe ya kuanza na kumaliza, kazi uliyofanya na posho uliyolipwa. Utaitumia kwa mwenye nyumba, kwa mwajiri na kwa ofisi ya Universal Credit, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambako hata raia aliyetoka nje huulizwa kama kweli makazi yake ni Uingereza. Muulize pia mtu wa shirika kuhusu michango yako ya Bima ya Taifa. Kipo kiwango maalum kwa waliotumwa kujitolea kwenye kazi za maendeleo na mashirika yanayotambuliwa na HMRC, mamlaka ya kodi, na wengi hawakijui mpaka siku wanapokagua rekodi zao na kukuta pengo. Pensheni kamili ya serikali inataka miaka 35 ya michango; ukiwa na chini ya 10, kwa kawaida huambulii kitu.

Sasa simu. Laini ya kulipia kabla isipotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na namba hiyo ndiyo benki inayotumia kukutumia msimbo wa kuingia kwenye akaunti. Hapo mtego unajifunga wenyewe: bila namba huingii benki, tawi linataka uthibitisho wa anwani, uthibitisho wa anwani ungetoka benki au kwenye mkataba wa nyumba, na mkataba wa nyumba unataka amana kutoka kwenye akaunti ile ile. Dawa yake ni ndogo mno. Kabla ya kuondoka London muachie ndugu laini hiyo apige simu moja kila mwezi, au uhamie kifurushi cha bei ya chini kabisa. Kama umeshachelewa, piga simu benki ukiwa bado huko, usingoje kufika.

Kuhusu fedha, weka akiba ya kula miezi miwili. Malipo ya kwanza ya Universal Credit huchukua kama wiki tano, na amana ya nyumba ya kupanga England huruhusiwa hadi kodi ya wiki tano kwa nyumba nyingi. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 ulizoziacha kwenye sanduku hazipokelewi madukani tangu mwisho wa Septemba 2022, zipeleke benki. Basi za London nazo hazipokei pesa taslimu tangu 2014, kwa hiyo usitoke Heathrow na sarafu mkononi ukitegemea kondakta.

Afya haisubiri. Dawa ya kuzuia malaria haiishii kwenye mlango wa ndege: doxycycline na mefloquine huendelea wiki nne baada ya kutoka, ile ya mchanganyiko wa atovaquone na proguanil siku saba. Wengi huacha wakishaona hakuna mbu. Lakini vimelea vilivyoingia usiku wako wa mwisho bado viko kwenye ini, havijatoka kuingia kwenye damu, na dawa inatakiwa iwe mwilini kuvikabili. Malaria ya falciparum, ile inayoua, hujitokeza zaidi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Aina nyingine, vivax na ovale, huweza kulala mwilini muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukipata homa ndani ya mwaka mmoja, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza kwa daktari iwe jina la nchi uliyotoka na tarehe uliyoondoka. Ukianza na "kichwa kinauma na mwili umechoka" mwezi Januari, utaambiwa ni mafua, unywe maji upumzike. Wala usijidai kwa kuwa ulizaliwa Muheza au Kisumu. Kinga ya utotoni hupungua ukikaa Ulaya miaka mingi.

Kama uliogelea au ulivua viatu ukaingia Ziwa Malawi au Ziwa Victoria, hata mara moja, omba kipimo cha damu cha kichocho. Kipimo hiki usikikimbilie. Kikifanywa wiki ya kwanza kinaweza kusema huna hali unacho, kwa sababu mwili bado haujatengeneza kingamwili za kutosha kuonekana. Subiri wiki 12 tangu ulipoyagusa maji mara ya mwisho, na iandike tarehe hiyo kwenye kalenda, maana kufikia hapo utakuwa umeshasahau. Tiba ni praziquantel, vidonge vinavyopangwa kwa uzito wa mgonjwa. Kikohozi kinachopita wiki tatu nacho kitaje, na useme ulikokuwa. Jiandikishe kwa GP, daktari wa mtaa wako, wiki ya kwanza ungali mzima. Kituo hakipaswi kukukatalia eti huna uthibitisho wa anwani.

Ukiweza kuchagua, rudi Aprili au Mei. Ulikokuwa mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima. London katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mchana wote hautimizi muda wa saa nane. Anayefika Novemba hukutana na mteremko wa moyo na giza kwa wakati mmoja, asijue kipi kimemwangusha. Kama huna budi kurudi wakati huo, toka nje kila siku kabla ya saa sita mchana, hata nusu saa. Huzuni ikizidi wiki mbili, usingizi ukaharibika, England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye huduma ya NHS ya ushauri nasaha bila kupitia kwa daktari. Hulipi.

Supamaketi huwashinda watu, na si jambo la kuonea aibu. Umezoea duka lenye aina moja ya sabuni, ghafla unasimama mbele ya rafu nzima ya maziwa. Nenda na orodha fupi, saa za asubuhi, duka dogo. Au anza sokoni: pale Ridley Road, Dalston, pilipili na nyanya hupangwa kwenye mabakuli, kila bakuli na bei yake, unamiminiwa kwenye mfuko. Ni mafungu yale yale uliyoyazoea, na muuzaji utapiga naye soga.

Sasa watu. Watakuuliza "Ilikuwaje?" macho yakiwa kwenye simu. Usiwalaumu, wana nafasi ya jibu la nusu dakika vichwani, basi wape hilo: "Nilikuwa Mzimba, Malawi, nafundisha hesabu, darasa lina watu 70. Nimeipenda kazi. Wewe habari za huku?" Kisha nyamaza. Akiuliza kuhusu wanafunzi, endelea na kisa kimoja. Hadithi ndefu zitunzie wale waliowahi kukaa huko, watafute hata kama ni wawili tu. Na hesabu za kahawa ya pauni nne dhidi ya mshahara wa mlinzi wenu, zifanye kimoyomoyo. Hesabu ni sahihi, lakini mara ya tatu hutaalikwa tena.

Kwetu sisi, familia zilizotoka Afrika Mashariki, kuna ugumu mwingine ambao semina za mashirika hazigusi. Mama aliyetoka Tanga miaka ya tisini ili wanawe wasichote maji hatafurahia kusikia kwamba umegundua utamu wa kuchota maji. Ataona umeyadharau aliyoyahangaikia, au ataingiwa na hofu kwamba unataka kuhamia huko. Muulize yeye kwanza: kisima chao kilikuwa wapi, nani alikuwa anakwenda kuchota. Mazungumzo yatafunguka yenyewe. Halafu kuna hili la jina: kule watoto walikuita mzungu pamoja na rangi yako, huku unaulizwa unatoka wapi hasa. Hilo huuma zaidi mwezi wa tatu kuliko siku ya kwanza.

Marafiki watakupa miadi ya wiki tatu mbele. Hawakukwepi, ndivyo jiji linavyokwenda. Jiwekee mambo mawili yasiyobadilika kila wiki, iwe kwaya, darsa msikitini au mpira, yakuunganishe na watu bila kuomba miadi. Uamuzi mkubwa, kama kuvunja uchumba au kuomba mkataba mwingine wa kuondoka, uache hadi miezi sita ipite.

Kwenye wasifu wa kazi usiandike "nilisaidia jamii". Andika vipindi vingapi kwa wiki, wanafunzi wangapi, bajeti kiasi gani, nani alikuwa chini yako na nini kilibaki kikifanya kazi ulipoondoka. Mwajiri hajui shule ya kata ni nini, ila namba anazisoma.

Mwisho ni wale uliowaacha. Kwenye sherehe ya kuagwa usiahidi kitu. Watu wataomba, na wana haki ya kuomba, lakini hawajui kwamba London utakaa miezi miwili au mitatu bila mshahara. Waambie hivyo waziwazi. Chagua jambo moja unaloliweza, tuseme ada ya mtoto mmoja kwa mwaka, ilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na umtajie mzazi mwezi ambao malipo yataisha. Simu ziwekee siku, Jumapili baada ya ibada inawafaa wengi, na siku hiyo upige wewe, maana vocha kwao ni ghali.