Maswali na majibu: madigadi za baiskeli msimu wa masika

Nimenunua baiskeli ya gia ya mtumba, haina madigadi. Fundi anasema nifunge ya nyuma tu, ya mbele ni pambo. Kweli? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, na inaniuma kusikia fundi akisema hivyo. Ya nyuma inaokoa shati lako na mzigo wa kwenye karia. Ya mbele inaiokoa baiskeli yenyewe, kwa sababu maji machafu ya gurudumu la mbele hutua miguuni mwako, kwenye cheni na kwenye beringi za pedeli. Mchanga ukishachanganyika na oili, unasaga cheni kama msasa. Funga zote mbili, kisha irefushe ya mbele. Kata kipande cha tyubu kuukuu chenye upana wa kiganja, kitoboe matundu mawili, kikaze kwa bolti kwenye ncha ya chini, kining'inie hadi karibu vidole vinne kutoka ardhini. Mimi nilifunga cha kwangu masika iliyopita, na tangu hapo nafika kazini soksi zikiwa kavu.

Tairi yangu ni 26 kwa 1.95. Nichukue madigadi ya upana gani? (Msomaji, Iringa)

Tairi hiyo ina milimita 50 hivi. Tafuta ya milimita 60.

Huku kwetu udongo ni mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha gurudumu linakwama kabisa. Nizing'oe? (Msomaji, Shinyanga)

Pole sana, udongo huo nao ni mtihani. Kwanza legeza nati, uinue madigadi mpaka kidole gumba kipite juu ya tairi bila kugusa. Tembea na kijiti, ukwangue mapema udongo ungali laini. Likikwama, shuka. Usilazimishe pedeli, maana vyuma vya kushikilia madigadi vikipinda na kuingia kwenye spoku za mbele, gurudumu linasimama ghafla nawe unarushwa juu ya hendeli. Kama njia yako yote ni mbuga, zing'oe kwa wiki hizo za mvua kubwa, uzirudishe ukirudi barabara ya changarawe.

Madigadi ya bati inagongagonga, na imeanza kutoboka. (Msomaji, Mbeya)

Kelele ni nati zilizolegea: weka washa ya mpira, kaza. Kutoboka kunaanzia ndani, kwenye ukingo unaotunza matope. Ukiosha baiskeli, igeuze, upitishe brashi upande wa chini pia.