Nikilala tu wananivamia

SWALI: Kaka, nacheza Rust, lile gemu la mtandaoni la kujenga nyumba na kuvamiana, na washkaji, kujenga na kuwinda usiku huku tunapiga stori ni raha sana, ila nikizima kompyuta ikifika asubuhi nakuta milango imelipuliwa na maboksi matupu. Inauma! Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Kwenye Rust ukizima gemu mwili wako unabaki umelala palepale, kwa hiyo weka milango miwili inayofuatana, ukiuawa wakati unatoka nyumbani adui akwame katikati, na mlango wa mbao utoe mapema maana hata moto unaumaliza. Kabati la vifaa, lile linalotunza nyumba, lijaze mbao na mawe, vikiisha nyumba inaoza yenyewe. Halafu Alhamisi ya kwanza ya mwezi seva zinafutwa, yaani dunia ya gemu inaanza upya, wote mnarudi kwenye jiwe na tochi, mi hiyo siku ndo naipenda kuliko zote.