Uji ulimwagikia mtoto, sasa naogopa hata kurudi kliniki

SWALI: Shangazi shikamoo. Naishi Mbagala, nyumba ya kupanga, jiko hatuna tunapikia koridoni kila mtu na mkaa wake. Wiki sita zilizopita niliipua uji nikauweka chini upoe, simu ikaita nikageuka kupokea, hata dakika mbili hazijaisha nasikia kelele, mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minane kashavuta sufuria, uji umemwagikia mkono wa kushoto mpaka kifuani. Jirani akaja mbio na dawa ya meno akampaka, mi nimeganda tu, tukakimbilia hospitali na bajaji. Tulilazwa siku 11. Nesi mmoja akanigombeza mbele ya watu, mama gani wewe unachezea simu mtoto anaungua. Mume wangu hajasema kitu na huko kutosema ndo kunaniua, mama mkwe yeye kasema wazi angekuwa kwake asingeungua. Sa hivi kidonda kimekauka ila uji siwezi kupika, nikisikia harufu yake natetemeka, usiku naamka kumpapasa kama yupo, mchana simshushi mgongoni. Na tarehe ya kliniki imepita wiki mbili sikwenda, nikasema kidonda si kimekauka, ya nini kwenda kugombezwa tena. Nifanyeje?
Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na huyo mdogo mpe pole yake. Naanza na mwisho wa barua yako maana ndo umenishtua. Kliniki nenda, nenda wiki hii. Kidonda kukauka sio kupona, ngozi iliyoungua huwa inajivuta, na inaendelea kujivuta kwa miezi, kama kovu limepita kwenye kiwiko au kwapani mkono unaweza kubaki umekunjika, ukashindwa kunyooka mpaka operesheni. Kule wataangalia hilo, watakuonyesha kumnyoosha mkono na kulisinga kovu. Na hapo kwenye kumbeba kutwa, mwanangu, mkono ukikaa umekunjwa ndani ya kanga siku nzima unamnyima mazoezi ambayo angeyapata bure kwa kucheza na wenzie. Mshushe.

Yule nesi alikuwa na haki ya kukufundisha, ya kukuaibisha hakuwa nayo. Ukimkuta tena mwambie tu nimeleta mkono wa mtoto uangaliwe, basi, au nenda na baba yake, mwambie kabisa naogopa kwenda peke yangu nisindikize. Huenda na yeye anyamaza kwa sababu hajui aanzie wapi, wanaume wetu hao tunawajua.

Sitakudanganya kwamba hukukosea. Sufuria la moto chini na mtoto anayetembea, hilo ni kosa. Ila ni kosa la koridoni kwenu nzima, wote mnaipua chini, ni vile tu siku hiyo lilikuangukia wewe, na mama mkwe wako kama wanawe hawakuungua ashukuru bahati (mi mwenyewe kijana wangu ana kovu la pasi pajani na hiyo stori huwa siisimulii). Watu wanasema ajali haina kinga, hiyo kauli siipendi, ya uji kinga inayo. Tafuteni meza au pangeni matofali vyombo vya moto vikae juu, mkono wa mtoto usipofika, chupa ya chai isikae kwenye kitambaa kinachoning'inia maana atakivuta, na maji ya kuoga tangulizeni ya baridi kwenye ndoo ndo yafuate ya moto. Kaa na wapangaji wenzio mlifanye pamoja, utaona hata yale majinamizi yanapungua mikono ikiwa na kazi.

Jirani naye mwambie kwa upole, nia yake ilikuwa nzuri ila dawa ya meno hapana. Wala yai, wala unga, wala asali. Akiungua ni maji, ya kawaida sio ya barafu, yanatiririka juu ya palipoungua dakika 20 na saa ukiangalia, kama bomba hakuna mtu achote ndooni kwa kopo amwagie polepole, kwingine mfunike asipate baridi. Na hata kama mmechelewa, ndani ya saa tatu maji bado yanasaidia. Nguo vua upesi maana uji unashika na kuendelea kuunguza, ila iliyogandia kwenye ngozi usiivute, bangili na hirizi toa kabla hajavimba, kisha kanga safi na hospitali.

Sasa wewe. Kutetemeka kwa harufu na kuamka usiku ni mwili bado uko ile siku, kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe wiki za mwanzo, wewe wiki sita zimepita bado hulali, kwa hiyo siku hiyo hiyo ya kliniki uliza ustawi wa jamii au mshauri nasaha, usione aibu. Na uji apike mwingine kwanza, wewe kaa mlangoni tu.

SWALI: Shangazi, wangu ana miaka mitatu, jana kaanguka kitandani kichwa kikapiga sakafu, kalia kidogo kisha akataka kulala, bibi yake kamzuia usiku kucha eti akilala ndo basi. Ni kweli?
Baba, Morogoro

JIBU: Pole, na bibi naye apewe pole ya kukesha. Mtoto akichoka kulia analala, kulala kwenyewe hakumdhuru, unachotafuta ni kama anaamka. Mwamshe mara mbili tatu usiku, akikujua akanung'unika akarudi kulala, sawa. Ila kama anatapika tena na tena, haamshiki, kapata degedege, alizimia hata kidogo alipoanguka, anayumba, au puani na masikioni yanatoka majimaji au damu, hapo usinisubiri mimi nijibu barua, chukua bodaboda sasa hivi. Na hicho kitanda kama ni cha juu shusheni godoro chini.