Re: Mbona michoro ya Sheeler haina watu?

Mkuu umeuliza mbona michoro ya viwanda ya Charles Sheeler, yule mchoraji wa Marekani, haina watu, ile ni makusudi kabisa. Jamaa alikuwa mpiga picha pia, 1927 akapewa kazi ya kupiga picha kiwanda cha magari cha Ford pale River Rouge karibu na Detroit, baadae ndo akazitumia kuchora American Landscape, 1930, mistari imenyooka, kingo safi, alama ya brashi huioni kabisa, alitaka macho yako yabaki kwenye umbo la majengo yenyewe. Ila cheki vizuri pale kwenye reli, kuna kamtu kamoja kadooogo! Mi hako ndo kananigusa kuliko vyote. Halafu tafuta na mchoro wa My Egypt wa Charles Demuth, mchoraji mwingine wa Marekani, 1927, maghala ya nafaka ya Lancaster, Pennsylvania, kayapa heshima ya mapiramidi.