Jibu: Shimo la choo kwenye shamba la Chanika
Mkuu, umeuliza utajuaje hali ya shimo la choo kwenye nyumba ya shamba unayotaka kununua Chanika, maana muuzaji anasema halijawahi kunyonywa. Hilo lisikutulize hata kidogo. Waulize majirani na mjumbe: waliishi watu wangapi, gari la majitaka lilishawahi kuonekana pale? Kisha fundi afunue chemba ya kwanza, azamishe mti mrefu mpaka chini na kuutoa taratibu. Alama ya tope jeusi kwenye mti ikifika theluthi ya kina cha shimo, linyonywe. Majani yaliyostawi kiangazi pale maji ya choo yanapofyonzwa ardhini ni dalili mbaya. Kisima kiwe mbali, angalau mita 30. Na tafadhali, asiingie mtu humo, hewa yake inaua. Ukiweza, rudi ukalione masika kabla hujalipa.