Tumbaku ya kupashwa moto ifungwe kwa karatasi gani?

Swali: Shikamoo mama. Nasomea kemia hapa Mwanza, niko mwaka wa mwisho. Kwa mradi wangu nataka kubuni karatasi ya kufungia vile vijiti vya tumbaku ya kupashwa moto, iwe salama zaidi na isiwe na matabaka mengi. Wenzangu wananiambia karatasi ni karatasi tu, nisijisumbue. Nianzie wapi? *Kijana wa Malimbe*

Jibu: Marahaba mwanangu. Wenzako wamekosea, na mimi niliyefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya kiwanda cha maboksi kule Nyakato nitakuambia walipokosea. Karatasi ya sigara ya kawaida imetengenezwa ili iungue. Inateketea pamoja na tumbaku yake, kwenye kaa linalopita nyuzi joto 600, na mvutaji akivuta linakaribia 900. Kijiti cha kupashwa kinachomekwa kwenye kifaa cha umeme kinachopasha tumbaku ili itoe mvuke, na hakitakiwi kuwaka hata kidogo. Karatasi yake inakaa motoni dakika kadhaa kama ile ya kuokea keki iliyosahauliwa kwenye oveni: haikuwaka, lakini ukiishika inavunjika, na harufu yake imebadilika. Harufu hiyo ni kemikali, na hapa kuna mtu anayeivuta.

Kwa hiyo anza kwa kujua joto linatoka upande gani. Kifaa cha IQOS kilipoingia sokoni Japani mwaka 2014 kilikuwa na ubapa mwembamba unaochomekwa katikati ya tumbaku na kufika nyuzi 350 hivi. Hapo karatasi iko mbali na moto. Kifaa cha glo, kilichoanza kuuzwa huko huko Japani mwaka 2016, kinapasha kutokea nje kwa nyuzi 240 hivi. Hapo karatasi ndiyo inayoguswa na moto kwanza, tumbaku baadaye. Ukichukua 240 ukaona ni ndogo kuliko 350 ukapumua, umepotea, kwa sababu baadhi ya viambato vya karatasi huanza kuvunjika joto likipita kidogo nyuzi 200. Mradi wako useme tangu ukurasa wa kwanza unabuni kwa ajili ya kifaa cha aina gani.

Mpwa wangu aliporudi kutoka nje aliniachia kijiti kimoja, nikakipasua kwa wembe kwenye meza ya jikoni. Ni kifupi kuliko sigara. Nje kuna karatasi nyeupe iliyoungwa kwa mstari wa gundi kutoka juu hadi chini. Ndani yake tumbaku haikukatwakatwa, ilikuwa shiti la kahawia lililokunjwakunjwa. Ikafuata bomba tupu, halafu filamu ya plastiki iliyokunjwa kama feni, mwishoni kichungi. Filamu hiyo ni ya kupooza mvuke kabla haujafika mdomoni.

Filamu hiyo ndiyo iliyoniudhi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha walichokiona: filamu ya plastiki ndani ya vijiti vya IQOS ilikuwa imeyeyuka baada ya kutumika, ingawa haigusi ule ubapa wa moto, na ilipopashwa hadi nyuzi 90 tu ilitoa fomaldehaidi sayanohidrini, ambayo ni sumu kali. Nyuzi 90, mwanangu! Chai inachemka kwa zaidi ya hapo. Kitu kilichowekwa ili kumlinda mtu mdomo kikawa kinamtilia sumu nyingine.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Eclipse, sigara ya Marekani ya miaka ya 1990 iliyopashwa kwa kaa dogo la kaboni. Kaa lile lilizungushiwa nyuzi za kioo ili joto lisitoke. Watafiti wa Buffalo, New York, walipokagua vichungi vyake walikuta vipande vya nyuzi za kioo juu yake, pale pale midomo inapogusa. Nyuzi zile zilivumilia moto vizuri sana. Hakuna aliyeuliza kwa wakati zitakwenda wapi zikikatika.

Sasa njoo kwenye foili. Baadhi ya vijiti hufungwa kwa karatasi iliyogandishwa na aluminiamu, na kuna sababu ya maana: mtu akijaribu kukiwasha kwa kiberiti, aluminiamu inasambaza joto na kijiti hakishiki moto. Yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 660. Naikubali kazi yake. Tatizo langu ni gundi iliyo katikati. Chukua karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ile yenye foili halisi, iloweke kwenye bakuli la maji. Upande wa karatasi utalainika na kusuguka kwa kidole, foili ibaki mkononi ikiwa na utelezi. Utelezi huo ni gundi, nayo kwenye kijiti inapashwa pamoja na kila kitu.

Kama ningekuwa na umri wako ningejaribu tabaka moja tu: karatasi iliyojazwa chokaa safi, yaani kalsiamu kaboneti, kwa wingi. Viwanda vya karatasi za sigara vinaitumia siku zote, na haivunjiki kwenye joto la vifaa hivi. Wino usiweke sehemu ya moto. Gundi iwe uzi mwembamba wa wanga, na ukiweza uisogeze kwenye ncha ya baridi. Halafu ufanye jaribio ambalo wengi wanaliruka: pasha karatasi peke yake, bila tumbaku, kwa joto na muda wa kifaa chenyewe, ukamate kinachotoka na kukipima. Ukipima pamoja na tumbaku, uchafu wa karatasi utajificha ndani ya uchafu wa tumbaku.

Na uiandike wazi kwenye ripoti yako, usione haya mbele ya msimamizi: karatasi bora haifanyi tumbaku kuwa salama. Nikotini iko pale pale. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu IQOS itangazwe kuwa inapunguza kemikali zinazomfikia mvutaji, ikakataa itangazwe kuwa inapunguza hatari ya ugonjwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nimemzika kaka yangu kwa ajili ya sigara, kwa hiyo sitaki mtu ayachanganye.

Swali: Mama, mwanangu katoka ughaibuni na hivyo vijiti anaviacha mezani. Mjukuu wangu ana mwaka na nusu, kila kitu mdomoni. Kuna hatari? *Bibi wa Kirumba*

Jibu: Ipo, dada yangu, na ni kubwa. Kuna nikotini, na mtoto mdogo haihitaji nyingi. Pia vijiti vya vifaa vipya, kama IQOS ILUMA iliyotoka mwaka 2021, vina kipande cha chuma chenye makali ndani ya tumbaku, kinachopashwa kwa sumaku. Karatasi ya nje haionyeshi kitu. Akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali na uende na pakiti. Mwambie mwanao avifungie kabatini leo, na vilivyotumika vile vile.

Swali: Tunaanika dagaa Igombe. Siku hizi kwenye mchanga tunaokota vichungi vya sigara na vijiti vifupi. Wanasema vingine ni vya plastiki ya mahindi, vitaoza. Ni kweli? *Mwanamama wa dagaa*

Jibu: Plastiki hiyo inaoza kwenye mitambo maalumu ya mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi. Maji ya ziwa letu hayafiki hata 30, kwa hiyo itakaa. Vichungi vya kawaida navyo ni plastiki. Watafiti wa San Diego walionyesha mwaka 2011 kwamba kichungi kimoja kilichovutwa, kikiwa na mabaki ya tumbaku, kwenye lita moja ya maji kiliua nusu ya samaki wa majaribio. Ombeni BMU yenu, yaani kikundi cha kusimamia mwalo, iweke debe la mchanga lenye mfuniko pale mitumbwi inapotia nanga. Mnavyookota, msivitie kwenye moto wa kukaushia dagaa.