Hifadhi SREG kwanza, kitabu utatafuta baadaye

Usiipakie hiyo programu kwenye chipu leo. Umeuliza uanzie wapi kujifunza Asembli (lugha ya amri za chipu yenyewe), usome kitabu gani, na kama chipu ya ATmega328P inatosha kwa mashine yako ya kuhesabu ndoo za dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Lakini mimi nimekwama kwenye kile kipande cha interapti ya taima ulichobandika, yaani kazi fupi inayoikatiza programu kila taima ikifika: unaongeza rejista (kisanduku cha namba ndani ya chipu), unalinganisha, unatoka kwa reti, amri ya kurudi programu ilipokatizwa. SREG, rejista inayotunza bendera za matokeo ya hesabu, hujaigusa. Mkuu, kipande kama hicho nilikiandika mimi, na kilimfukuzisha mtu kazi.

Nilimtengenezea mzee mmoja mita ya kioski cha maji, kilimani Mabatini. Kihisi kilitoa mapigo kama 450 kwa lita, hivyo ndoo ya lita 20 ni mapigo 9,000. Kila pigo lilijumlishwa kwenye rejista mbili, kwa sababu rejista moja ya AVR, jamii ya chipu hizi, ni biti 8 na inaishia 255:

add r18, r20
adc r19, r21

r20 ina 1, r21 ina 0. Add ikifurika, inasimamisha bendera ya keri (ile moja ya kubeba), na adc, yaani kujumlisha pamoja na keri, inaipeleka kwenye baiti ya juu. Hiyo keri inakaa ndani ya SREG. Sasa elewa hapa: interapti ikiingia, chipu inahifadhi anwani ya kurudia tu. SREG haihifadhi. Na interapti inaweza kuingia katikati ya hizo amri mbili.

Ya kwangu iliingia mara 1,000 kwa sekunde, na ndani yake nililinganisha r17 na 250. Karibu muda wote r17 huwa chini ya 250, kwa hiyo ulinganisho unaacha keri imesimama. Ikirudi, adc inakuta keri ambayo si yake, inaongeza 1 kwenye baiti ya juu. Yaani mapigo 256 ya maji ambayo hayajatoka bombani.

Chipu ilikuwa inakwenda MHz 16, yaani mizunguko milioni 16 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi ya kugongana ni mzunguko mmoja kati ya 16,000. Ndogo, eti? Kwa ndoo moja kosa ni kama theluthi ya lita. Nilipima kwa ndoo, nikaona sawa, nikachukua pesa yangu. Ila kwa siku ya ndoo 200, mita inadai ndoo tatu zaidi. Kila jioni hesabu ya dada aliyekuwa anauza ilipungua ndoo tatu. Mzee alimkata mshahara, mwezi wa pili akamwondoa kwa wizi. Na mimi niliulizwa, nikasema mita haidanganyi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Akaja muuzaji mwingine, upungufu ni uleule. Ndipo nikaichukua mita hadi nyumbani Nyakato, nikaiunganisha na kompyuta nione namba moja moja. 1203, 1204, 1461. Nikatoa: 257. Pigo moja la kweli na 256 za uongo. Nilikaa kitandani muda mrefu nikiitazama ile skrini.

Nilimtafuta yule dada Igoma, nikamweleza mbele ya mzee. Fedha zake alizokatwa alirudishiwa. Kazini hakurudi, na simlaumu.

Aliyenipotosha ni mwalimu wa kozi ya jioni, aliyetuuzia kijitabu cha fotokopi. Humo interapti zote ziliandikwa bila kuhifadhi chochote, na tulipouliza alisema push na pop (kuweka na kutoa kwenye steki, akiba ya muda ya kumbukumbu) ni za programu kubwa, kwa ndogo zinapoteza muda. Muda gani? Hesabu mwenyewe:

push r16
in r16, SREG
push r16
(kazi yako hapa)
pop r16
out SREG, r16
pop r16
reti

Ukiacha reti, ni mizunguko 10, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hicho ndicho alichotufundisha kubana! Bado ninakasirika nikiandika hapa, na ninajua vile vijitabu bado vinazunguka mjini, maana mpangilio wako unafanana navyo hadi majina ya lebo.

Kwa hiyo ukiandika interapti yoyote, andika kwanza mistari ya kuhifadhi na ya kurudisha, kazi yenyewe ijaze katikati baadaye. Rejista yoyote utakayoigusa humo, isipokuwa ile inayotunza hesabu ya interapti yenyewe, nayo isukume kwenye steki. Zirudi kinyume cha zilivyoingia: ya mwisho kuingia inatoka ya kwanza. Ukikosea mpangilio, rejista zitabadilishana thamani; ukisahau pop moja, reti itachukua anwani isiyo yake na programu itapotelea kusikojulikana.

Chipu uliyotaja inatosha, ina RAM KB 2 na wewe unahesabu ndoo tu. Rekebisha kile kipande, kibandike tena hapa usiku huu nikione kabla hujaenda mwaloni. Wale wanaopakua dagaa wanalipwa kwa ndoo.